Mhudumu wa Ndege Akiumia Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Fidia

Abiria huona sare iliyopigwa pasi, tabasamu na toroli la chai. Haoni kwamba toroli likijaa lina uzito wa mtu mzima, na kwamba ndege inapopanda tunalisukuma mlimani. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi nikiwa na makao Nairobi, na tangu nishuke nimekuwa nikisaidia wenzangu kujaza fomu za fidia. Maswali hayabadiliki sana. Majibu haya yanahusu hasa Kenya, ambako sheria inayotawala ni Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA. Tanzania na Ghuba nimezigusa kwa ufupi karibu na mwisho.

Bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Sheria inanihusu?

Ndiyo. WIBA inamlinda mtu aliyeajiriwa kwa mkataba wa kazi na kulipwa ujira, awe wa kudumu, wa kandarasi ya miaka miwili au mwanafunzi wa kazi. Mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya kugharamia majeraha ya wafanyakazi wake. Kama umeletwa na wakala, angalia jina la mwajiri lililo kwenye mkataba wako na uulize bima ni ya kampuni gani. Swali hilo liulize siku ya kusaini, usingoje hadi uwe kitandani.

Majeraha gani yanahesabiwa?

Ajali yoyote iliyotokana na kazi na kutokea ukiwa kazini. Kwetu sisi mengi ni ya mgongo na mabega: toroli, milango ya ndege, na mkoba wa abiria ambao mwenyewe ameapa kwamba ni mwepesi. Kuna kuungua kwa maji ya chai, vidole kubanwa na makabati ya jikoni, kuteleza kwenye ngazi za ndege siku ya mvua, na kiuno kushtuka ndege inapotua kwa kishindo nawe umekaa kwenye kile kiti cha kukunja.

Halafu kuna msukosuko wa hewa. Takwimu za mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani za 2009 hadi 2022 zinaonyesha kwamba kati ya watu 163 walioumizwa vibaya na msukosuko, 129 walikuwa wafanyakazi wa ndege. Sababu iko wazi: taa ya mkanda ikiwaka abiria ameshakaa, sisi bado tunakusanya vikombe.

Jeraha linalosahaulika ni la sikio. Umepanda ndege na mafua kidogo kwa sababu hakuna wa kukushikia zamu, ndege ikashuka, sikio likaziba, likauma kama limechomwa msumari, kisha ukaona damu. Wengi huambiwa hayo ni mafua yao wenyewe. Muone daktari wa masikio siku hiyohiyo, na kwenye ripoti andika namba ya safari na kwamba maumivu yalianza ndege ikishuka.

Nimeumia tukiwa angani. Nifanye nini kwanza?

Mwambie msimamizi wa kabini kabla hujanywa dawa ya maumivu na kuendelea na huduma. Hakikisha tukio limeingia kwenye ripoti ya safari kabla hamjatawanyika. Andika majina ya wenzako waliokuwa karibu na namba ya kiti cha abiria aliyeona, na kama kilichokuumiza ni kifaa, kipige picha: breki ya toroli isiyoshika, latchi ya kabati iliyolegea. Ndege ikigeuza na kuondoka, ushahidi wako umeondoka nayo.

Kisha tazama maneno yako. Dada mmoja niliyefanya naye kazi aliumia mgongo toroli liliporudi nyuma ndege ikiwa bado inapanda. Alipotua alijaza fomu kwa haraka, gari la kru, yaani la wafanyakazi wa ndege, likiwa linapiga honi nje: “Naumwa na mgongo.” Maneno hayohayo matatu yakaonekana tena kwenye karatasi ya daktari, kisha kwenye barua ya bima iliyosema hakuna ajali, ni ugonjwa. Ilibidi tutafute mashahidi wawili na ratiba ya zamu ya siku ile ili kurudisha kwenye karatasi kitu ambacho kabini nzima ilikishuhudia. Angeandika hivi asingesumbuka: “Saa 2:40 usiku, baada ya kuruka, toroli liliachia breki likanigonga kiunoni nikiwa nimeinama, maumivu yalianza papo hapo.” Saa, mahali, kifaa, sehemu ya mwili. Na umweleze daktari vilevile, kwa sababu bima husoma kwanza kile daktari alichoandika.

Nani anapaswa kuripoti, na kwa muda gani?

Wewe unamwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Mimi nasema maandishi, hata kama ni baruapepe ya mistari mitatu. Mwajiri naye anapaswa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupata taarifa. Mtu akifa, taarifa ni ya saa 24. Fomu ya kwanza ni DOSH/WIBA 1. Makao makuu ya kurugenzi hiyo, yaani DOSHS, yako Safety House, Industrial Area, na kuna ofisi katika kaunti. Mwajiri akisuasua, nenda mwenyewe na nakala zako.

Niliumia hotelini, au kwenye gari la kru. Hiyo ni kazi?

Hapa ndipo wahudumu wa ndege wanapotofautiana na karani wa ofisini, na ndipo bima hupenda kubishana.

Gari la kru ni rahisi. Ukiwa ndani ya gari lililotolewa na mwajiri kukupeleka au kukutoa kazini, sheria inakuhesabu kuwa uko kazini. Ukiwa kwenye gari lako au bodaboda kutoka uwanja wa ndege, Embakasi, kwenda nyumbani, una kazi kubwa ya kushawishi.

Hoteli ni ngumu zaidi. WIBA haitaji hoteli. Inauliza kama ajali ilitokana na kazi na ilitokea wakati wa kazi, na majibu hutegemea ulikuwa ukifanya nini. Ukiteleza kwenye ngazi za hoteli iliyochaguliwa na kampuni, uko na sare na mkoba, unashuka kuchukuliwa saa 10 alfajiri, sioni mtu wa kukubishia kwa haki. Ukivunjika mguu ukicheza dansi klabuni kwenye mji ambao hata ratiba yako haukuutaja, usinipigie simu. Katikati ya hayo mawili kuna bafu lenye maji sakafuni, chakula cha hoteli kilichokulaza hospitali, na kutoka kununua maji dukani. Hizo zote zidai, ila uandae hoja moja: hukuwa pale kwa hiari yako, ulikuwa pale kwa sababu zamu yako ilikulaza pale. Ambatisha ratiba, barua ya kuwekewa chumba, na ripoti ya hoteli. Mapokezi wakisema hawana fomu ya ajali, waombe waandike kwenye karatasi yenye nembo yao na kutia sahihi.

Ajali ilitokea nje ya Kenya. Bado ninalipwa chini ya sheria ya Kenya?

Ndiyo, kama mwajiri anaendesha shughuli zake hasa Kenya, nawe kwa kawaida umeajiriwa Kenya na ulikuwa nje kwa muda tu. Inahesabiwa kana kwamba ajali ilitokea hapa. Beba nyumbani karatasi zote za hospitali ya huko, na kama si za Kiingereza tafuta tafsiri mapema.

Nitalipwa kiasi gani?

Kuna malipo ya aina mbili usiyachanganye. Ukiwa hujiwezi kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, unastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12. Hayo ni ya ulemavu wa muda.

Daktari akikuta kwamba kuna kitu hakitarudi, anakipa asilimia. Hapo hesabu ni mapato ya miezi 96 mara asilimia hiyo. Mtu wa mapato ya shilingi 100,000 kwa mwezi akipewa asilimia 10 anapata shilingi 960,000. Mtu akifa, wategemezi wanastahili mapato ya miezi 96 pamoja na gharama za mazishi kwa kiwango kilichowekwa.

Asilimia za viungo zimeorodheshwa mwishoni mwa sheria. Orodha hiyo inaeleza vizuri vidole na macho. Mgongo, ambao ndio ugonjwa wetu, huachiwa zaidi uamuzi wa daktari. Ndiyo maana madaktari wawili wanaweza kutazama picha moja ya MRI na kuandika 5 na 15.

“Mapato” ni mshahara wa msingi tu, au na posho?

Nikiruhusiwa kujibu swali moja tu kwenye ukurasa huu mzima, ningejibu hili.

Mhudumu wa ndege ana mshahara wa msingi wa wastani, halafu ana malipo ya saa za kuruka, na posho ya kujikimu akilala nje. Kwa wengi wetu msingi peke yake haulipi kodi ya nyumba na karo. Ukiumia, karatasi ya kwanza kutoka kwa bima huwa imechukua msingi pekee.

Sheria haisemi hivyo. Inasema mapato yanajumuisha saa za ziada na malipo mengine maalumu ambayo ni ya kudumu, au yanayotolewa kwa kazi ya kawaida ya mtu. Kinachoachwa nje ni saa za ziada za hapa na pale, malipo ya kazi ya mara moja, pesa za kufidia gharama fulani na zawadi za hisani. Kwa hiyo posho ya kula na kulala Guangzhou ni pesa ya gharama, na kuipigania ni kupoteza nguvu. Lakini malipo ya saa za kuruka, yanayoingia kila mwezi kwa sababu kuruka ndiyo kazi yenyewe, hayo yadai bila haya.

Tazama tofauti, kwa mfano wa kubuni. Msingi 80,000, malipo ya kuruka wastani wa 50,000, ulemavu asilimia 8. Kwa msingi pekee: 614,400. Kwa 130,000: 998,400. Tofauti ni shilingi 384,000, na inatokana na kuambatisha au kutoambatisha hati za malipo za miezi 12 kabla ya ajali. Miezi 12, si 3. Ukiambatisha Novemba, Desemba na Januari utaambiwa umechagua msimu wa sikukuu.

Daktari ameandika asilimia 6, lakini siwezi kuruka tena. Hiyo ni haki?

Kisheria huenda ni sahihi, na bado inauma. Asilimia inapima mwili, haipimi kazi. Sikio linaloziba kila mara ni usumbufu mdogo kwa mwalimu, lakini kwa mhudumu wa ndege ni mwisho wa kazi, maana bila cheti cha afya huruki, na usiporuka malipo ya saa za kuruka yanakatika siku hiyohiyo. WIBA haina mahali pa kuandika hasara hiyo. Huu ndio upungufu wake mkubwa kwa watu wa kabini, na sidhani waliouandika muswada walikuwa wakitufikiria.

Kinachoweza kusaidia kiko nje ya sheria: mkataba wa pamoja kati ya chama chenu na kampuni, bima ya ajali ya kikundi, na kazi ya ardhini kama ipo. Soma mkataba huo ukiwa mzima. Kama kuna kifungu cha kupoteza uwezo wa kuruka, kina masharti yake na tarehe zake, na hazifanani na za WIBA.

Nani analipa hospitali?

Mwajiri. Gharama za kuridhisha za matibabu, upasuaji, kulazwa, dawa na vifaa kama mikongojo ni zake. Usikubali bili ya ajali ya kazini ipelekwe SHA, bima ya afya ya serikali, au ikate kikomo cha bima ya familia yako, halafu mwezi wa kumi mtoto augue uambiwe hela zimeisha. Ikishatokea, andika barua ya kudai kikomo kirudishwe.

Taa ya mkanda ilikuwa imewaka nami nilikuwa nimesimama. Nimejiponza?

Kinachoweza kukunyima fidia ni utovu wa makusudi, na hata huo haukunyimi kama umepata ulemavu mkubwa au umefariki na kuacha wategemezi. Kusimama ili umfunge mtoto wa watu mkanda ni kufanya kazi ya mwajiri, hata kama ulivunja maagizo. Andika ulichokuwa ukifanya.

Jambo linaloweza kukuponza kweli ni kudanganya afya yako wakati wa kuajiriwa. Kama uliulizwa kuhusu mgongo ukasema huna tatizo nawe ulishafanyiwa upasuaji, Mkurugenzi ana uwezo wa kukataa dai.

Abiria alinipiga.

Hilo ni jeraha la kazini na ni jinai pia. Ukitua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, pita polisi uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na daktari ajaze P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha. Sheria inakuruhusu kumdai mtu wa nje aliyekuumiza, huku fidia ya mwajiri ikiendelea. Kitakachopatikana kitahesabiwa pamoja ili usilipwe mara mbili kwa jeraha moja. Njia hiyohiyo inafaa dhidi ya kampuni ya usafiri iliyoangusha gari la kru.

Abiria wa safari ileile analipwa chini ya Mkataba wa Montreal. Mbona mimi silipwi?

Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama, unawahusu abiria. Tangu 28 Desemba 2024, shirika haliwezi kukwepa dhima kwa abiria aliyeumia au kufa hadi SDR 151,880, kile kipimo cha fedha cha IMF. Mhudumu aliye zamuni si abiria. Mtaumia kwenye kishindo kimoja, yeye 23C, wewe jikoni, na mtalipwa kwa vitabu viwili tofauti. Ukiwa unasafirishwa kwenye kiti kwenda kuchukua zamu mji mwingine, hilo linabishaniwa. Hapo mwone wakili.

Naweza kumshtaki mwajiri moja kwa moja mahakamani?

Kwa jeraha la kazini, hapana. Dai linaanzia kwa Mkurugenzi. Mawakili walilipinga jambo hilo kwa miaka, na 2009 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu kadhaa, lakini tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilitupilia mbali rufaa ya chama cha wanasheria na utaratibu ukabaki. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi una siku 60 za kuweka pingamizi kwake. Anajibu ndani ya siku 14. Ukiendelea kutoridhika una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kampuni ya bima inatakiwa kulipa ndani ya siku 90 tangu dai liwasilishwe. Wenye subira ya kuhesabu siku hizo kwenye kalenda ndio wanaolipwa.

Ugonjwa uliokuja polepole, je? Na hofu?

Maradhi yanayotokana na kazi yanatambuliwa, pamoja na kupoteza usikivu kwa kelele, ila lazima daktari ayafunge na kazi yako. Jeraha la nafsi ni gumu kuthibitisha. Kama baada ya tukio huwezi kupanda ndege bila kutetemeka, anza kumwona daktari wa akili mapema. Rekodi ya wiki ya pili ina uzito kuliko ya mwezi wa tisa.

Niko Tanzania.

Huko Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya 2008 iliyoanza kutekelezwa 2015. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, nawe hukatwi chochote. Ulemavu wa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara kwa hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 unakuwa pensheni ya kila mwezi. Chini ya hapo ni mkupuo mmoja. Dai ndani ya miezi 12. Zanzibar ina sheria yake. Kwa maoni yangu mfuko ni bora kuliko mtindo wetu wa bima binafsi, kwa sababu anayekulipa si rafiki wa kibiashara wa mwajiri wako.

Nafanya kazi na shirika la Ghuba. WIBA inanifuata?

Hapana, kama mwajiri na mkataba ni wa kule. Falme za Kiarabu, kwa sheria ya kazi ya 2021, zinataka mwajiri alipie matibabu na mshahara kamili hadi miezi 6, kisha nusu kwa miezi 6 mingine. Akifa mtu, familia inapata mshahara wa msingi wa miezi 24, usiopungua dirham 18,000 wala kuzidi 200,000. Neno “msingi” tena. Qatar nayo, kwa sheria ya 2004, inaanza na mshahara kamili kwa miezi 6, halafu nusu.

Wanaweza kunifuta kwa sababu nimedai?

Kudai haki yako si sababu halali ya kufutwa chini ya Sheria ya Ajira, na hata sababu ya afya lazima ipitie utaratibu wa kusikilizwa. Vitisho vingi huja kwa mdomo. Vijibu kwa baruapepe: “Kama tulivyozungumza leo…”

Niliumia miezi kumi iliyopita nikanyamaza. Nimechelewa?

Bado, lakini una miezi miwili. Ikipita miezi 12 bila taarifa wala dai, haki inapotea. Wiki hii omba nakala ya ripoti ya safari na ratiba ya mwezi ule, mwone daktari na umweleze tarehe halisi ya kuumia, kisha peleka barua kwa mwajiri na nakala kwa DOSHS. Nenda na nakala mbili kila ofisi, usikubali kuziacha kwa mlinzi, na kabla hujatoka dirishani hakikisha yako imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe inasomeka.